Maji ya Shemeji

Kama wiki iliyopita ulinionea huruma, msomaji wangu, ahsante, lakini irudishe kwanza kabatini. Leo utaihitaji mwishoni, na sitaki uimalize mapema.

Kwa aliyechelewa kupanda, habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Mimi ni mwendesha baiskeli wa mashindano. Ujanani magazeti yaliniita Kimbunga. Halafu siku moja, nikiwa mbele peke yangu, nikanyanyua mikono juu kushangilia ushindi, kumbe imebaki raundi nzima. Wenzangu wakanipita huku bado nawapungia mashabiki. Tangu siku hiyo Kimbunga kikawa upepo wa feni. Nikavunjika bega, timu ya kwanza ikafa, ya pili ikaniacha. Nikaoa, na hilo ndilo pekee lililokwenda sawa. Mdogo wa mke wangu akaniombea nafasi kwenye timu yake.

Huyo shemeji yangu ndiye Kepteni wa timu. Mimi ndiye mchota maji wake.

Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine. Kundi likiwa kwenye mwendo, mimi narudi nyuma mpaka kwenye gari la timu, najaza chupa za maji ndani ya jezi, kifuani na mgongoni, halafu nafukuza mpaka nilifikie kundi tena na kugawa. Timu yetu ina sheria moja kuhusu maji: mchota maji hunywa wa mwisho. Wenzangu wananiita Tangi.

Mama mkwe wangu haniiti kitu. Siku moja alimwambia jirani yake, na mimi nikiwa nasikia, "Wenzangu wanaozesha kwa madaktari. Mimi nimeozesha kwa mchota maji wa mwanangu mwenyewe."

Sasa tuendelee.

Asubuhi ya mashindano ya mwisho wa msimu, Meneja alituita nyuma ya gari. Ni mtu mfupi, kijiti cha meno hakimtoki mdomoni, na akikasirika kijiti kinahama kutoka pembe moja kwenda nyingine.

"Sikilizeni," akasema. "Kepteni akishinda leo anakuwa bingwa wa msimu. Akiwa wa pili, hakuna ubingwa."

Kijiti kikahama. Akanigeukia mimi.

"Na wewe, Tangi, mkataba wako unaisha leo. Akishinda, tunaendelea. Asiposhinda, baiskeli unaiacha hapahapa, unapanda basi."

"Kwani miguu yake nitamkanyagia mimi, bosi?"

"Wewe unampelekea maji. Akiishiwa maji amekwisha. Akiisha yeye, na wewe umekwisha."

Shemeji akanishika bega, lile lililovunjika. Ni kijana mwenye roho nzuri, ila hakumbuki ni bega lipi.

"Usiwe na wasiwasi, shemeji," akasema. "Wewe nipe maji, mengine niachie mimi."

Wasiwasi nilikuwa nao. Kaka yangu ana duka la vifaa vya ujenzi, na kila tukionana ananiambia mifuko ya saruji inanisubiri. Saruji haina ubaya. Lakini mimi naipenda baiskeli kama mtu aliyerogwa, hata baada ya yote iliyonitendea. Nikiona gurudumu linazunguka, moyo unatulia. Nisingejua kuishi bila kitu hicho, na Meneja alikuwa anajua hivyo.

Filimbi ikapigwa, tukaondoka.

Jua siku hiyo lilikuwa la kukaangia. Tulipofika katikati ya safari, Kepteni alinyanyua mkono bila kugeuka.

"Shemeji, maji."

Nikarudi nyuma mpaka kwenye gari. Meneja alikuwa kwenye usukani, fundi wa baiskeli amekaa kiti cha nyuma. Fundi akaanza kunipa chupa dirishani, moja moja, nami nasukumia ndani ya jezi. Tatu kifuani, tano mgongoni. Nilinenepa ghafla mpaka fundi akaniuliza ni miezi mingapi.

Chupa moja kifuniko hakikukaza. Maji yakashuka polepole mpaka kwenye mfuko wenye redio, ile tunayoivaa sikioni kusikia maagizo. Redio ikalia kama nyenje, ikanyamaza kabisa.

Kabla sijalisema hilo, cheni ikachomoka.

"Kepteni ana kiu," Meneja akafoka dirishani, "na wewe unacheza na cheni." Akakanyaga mafuta, akaenda zake. Magari mengine yote ya timu yakafuata, yakanimwagia vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Nikairudisha cheni kwa vidole. Niliponyanyuka, barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na kundi wala gari, hata king'ora sikukisikia.

Asiye na bahati habahatishi, nikajiambia. Nikapanda, nikaanza kufukuza.

Mbele kidogo kulikuwa na mzunguko wa barabara nne. Mshale wa njano ulioelekeza njia ya mashindano ulikuwa umebandikwa kwenye nguzo, unaonyesha kulia. Nikakata kulia. Mtu mwenye haraka zake hawezi kubishana na mshale.

Baada ya kilima kimoja nikamkuta msimamizi wa barabara, bwana mmoja mwenye fulana ya njano na bendera, amekaa kwenye jiwe.

"Habari za kazi, ndugu," nikampaazia sauti bila kusimama. "Wenzangu wamepita zamani?"

"Wenzako gani?"

"Si hao waendesha baiskeli."

"Mimi sijaona mtu."

Nilimhurumia. Wanaume zaidi ya mia wamempita, na magari juu, na pikipiki zinalia, yeye hakuona hata mmoja.

"Pole sana, ndugu yangu," nikamwambia. "Ukitoka hapa kalale."

Akasimama kwenye jiwe lake akinitazama mpaka nikapinda kona.

Najua, msomaji. Wewe umekaa zako kwenye kiti, umeshang'amua. Kushoto kwa mzunguko ule kuna jambo. Lakini mimi nilikuwa nimeinamia usukani, chupa nane zinanigonga mbavu, na katika kichwa changu kulikuwa na jambo moja tu: nimeachwa, shemeji ana kiu, na basi linaningoja.

Nikapita kwenye kijiji kidogo. Watu wamejipanga pande zote, wanapiga makofi.

"Wa kwanza huyo," mama mmoja akasema kwa sauti. "Wa kwanza kabisa."

Watu hawana haya, nikawaza. Mtu ameachwa na kundi zima, amebeba maji kama punda, bado wanamtania. Nikampungia mkono kwa adabu. Nimelelewa.

Ndipo ikaja pikipiki ya ubao.

Hii pikipiki niielezee, maana ndiyo iliyonimaliza. Nyuma ya dereva hukaa mtu na ubao mweusi na chaki. Kwenye ubao anaandika muda uliopo kati ya anayeongoza na wanaomfukuza. Anaandika dakika tu. Haandiki nani yuko mbele na nani yuko nyuma, kwa sababu mwendesha baiskeli yeyote mwenye akili timamu anajua mwenyewe.

Aliyekaa nyuma siku hiyo alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Akanigeuzia ubao. Umeandikwa dakika nne.

Nimeachwa dakika nne, nikajiambia. Nyingi, lakini si za kufia. Nikakanyaga.

Baada ya muda akarudi. Dakika tatu.

Moyo ukachangamka. Nawapata! Nikamnyooshea dole gumba. Dada naye akaninyooshea lake, ila kwa kusitasita.

Nikaendelea kukanyaga kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia tangu ujana. Miguu ilikuwa inaniitikia. Kiu ilinibana mpaka ulimi ukanata, na maji yamenizunguka pande zote, lakini sikugusa hata chupa moja. Kuna wengine wangekunywa. Mimi nilisema sheria ni sheria, nitakunywa wa mwisho, kwani raha ya kumkabidhi shemeji chupa nane kamili nilikuwa naiona kwa mbali.

Ubao ukarudi. Dakika mbili.

Nilianza kuimba. Dada akamwambia dereva asogee karibu.

"Kaka, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa, dada yangu. Si zimebaki mbili tu?"

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Usitie shaka. Kabla ya mji tutakuwa wote pamoja."

Akamtazama dereva. Dereva akamtazama yeye. Pikipiki ikaongeza mwendo, ikaenda zake, na dada yule alikuwa anatikisa kichwa kama aliyetoka kumwona mgonjwa.

Ubao uliofuata uliandikwa dakika moja. Nikanyoosha shingo kuangalia mbele, nikitegemea kuona migongo ya wenzangu. Mbele palikuwa na barabara tu, na mbuzi wawili.

Halafu nikasikia gari. Sauti yake ilitoka nyuma.

Lilikuwa gari letu la timu. Kioo cha mbele kimepakwa vumbi jekundu, taa nyekundu, na Meneja mwenyewe nyusi zimekuwa nyekundu. Akaja mpaka ubavuni kwangu. Mdomoni hakuwa na kijiti, na hilo lilinitisha zaidi ya yote.

"Bosi," nikasema, "mbona unatoka nyuma?"

"Punguza mwendo."

"Maji yote ninayo, hakuna hata chupa moja iliyo—"

"Nimesema punguza mwendo. Tumetoka kiwanda cha matofali."

"Kufuata nini?"

Meneja akageukia barabara. Fundi ndiye aliyetoa kichwa dirisha la nyuma, naye mwekundu mpaka masikioni.

"Pale kwenye mzunguko pikipiki ya mpiga picha ilikata kushoto," akasema. "Alikuwa anatafuta choo. Kundi likamfuata. Sisi tukalifuata kundi. Tumeingia getini wote, tumelizunguka tanuri, mlinzi akafunga geti anataka vitambulisho."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka baiskeli ikayumba na chupa zikagongana. Watu mia na zaidi, mabingwa watupu, wanaulizwa vitambulisho na mlinzi wa matofali. Nilicheka peke yangu, halafu nikagundua kwamba ninacheka peke yangu.

"Sasa mbele yuko nani?" nikauliza.

Fundi akajifuta vumbi usoni.

"Wewe, Tangi," fundi akasema.

Yule bwana wa bendera hakuwa amelala. Yule mama kijijini hakuwa ananitania. Na dakika zile za ubao, zilizokuwa zinapungua huku naimba, zilikuwa zangu. Nimemnyooshea dada wa watu dole gumba kila nilipokaribia kukamatwa.

"Sikiliza kwa makini," Meneja akasema. "Kepteni ndiye anayelivuta kundi, na kwa mbio za mwisho hakuna wa kumpita pale. Wewe ukifika karibu na mstari, simama. Msubiri apite kwanza, wewe ufuate."

"Waamuzi watakubali? Si walipotea njia?"

"Kujua njia ni juu ya mwendeshaji mwenyewe, hawajavunja kitu, wamejichelewesha tu. Tangi, nitazame. Ukiuvuka ule mstari wewe, shemeji yako si bingwa na wewe huna kazi. Mmekosa wote wawili kwa siku moja. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bosi."

Mwamuzi akapiga filimbi. Magari hayaruhusiwi mwishoni, yanaingizwa barabara ya pembeni. Meneja akakata kona huku bado ananinyooshea kidole.

Nikabaki peke yangu na mji mbele yangu.

Sitakudanganya kwamba nilifikiri sana. Nilifikiri kidogo tu. Niliwaza shemeji alivyonitoa jalalani. Niliwaza saruji. Nikasema, heri nusu shari kuliko shari kamili, nitasimama.

Nikaingia barabara ya mwisho. Kamba pande zote, watu wamefurika, na kule mwisho utepe mweupe na kibao kikubwa chenye neno MWISHO. Miaka mingapi sijaliona neno hilo bila mgongo wa mtu mbele yangu? Machozi yalinitoka, na wala sioni haya kusema.

Nikafunga breki. Nikaweka mguu chini.

Kutoka pale mpaka kwenye mstari palikuwa na hatua za mtu anayevuka barabara kwenda dukani. Makofi yakapungua, yakapungua, yakaisha. Watu wakaanza kuulizana.

"Mume wangu." Mke wangu alikuwa kwenye kamba, mstari wa mbele. "Umepata pancha?"

"Hapana."

"Cheni?"

"Nzima."

"Basi umesimamia nini?"

"Namsubiri mdogo wako."

"Afanye nini?"

"Ashinde."

Mke wangu ni mtu wa maneno mengi, unamjua kutoka sehemu zilizopita. Siku hiyo yalimwishia. Aliangalia utepe, akaniangalia mimi, akaangalia kule mdogo wake atakakotokea, na mdomo ukawa unafunguka na kufungika.

Aliyeinuka alikuwa mtu aliyekaa pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja, na mwavuli. Mama mkwe wangu. Maisha yake yote hajawahi kuja kutazama mashindano, na siku hiyo alikuja kumwona mwanawe akiwa bingwa.

Akaufunga mwavuli. Akainamisha kichwa, akapita chini ya kamba. Mwamuzi akataka kumzuia, mama akamwelekezea mwavuli, mwamuzi akakumbuka ana kazi upande mwingine.

"Shikamoo, mama," nikasema. Ndiyo salamu pekee niliyoikumbuka.

"Marahaba. Hapo ulipo, wewe ni wa ngapi?"

"Wa kwanza, mama."

"Na hao wengine?"

"Wanakuja. Mwanao yumo."

"Nani amekwambia usimame?"

"Meneja. Nikipita, ananifukuza kazi. Na mwanao anakosa ubingwa."

Mama akanitazama kuanzia helmeti mpaka viatu, kisha akarudi katikati, kwenye uvimbe wa chupa.

"Hicho ni nini?"

"Maji yake. Hajanywa tangu mchana."

"Na wewe umekunywa?"

"Mimi nakunywa wa mwisho."

Kule nyuma kelele zikaanza. Kundi lilikuwa linaingia kona ya barabara ya mwisho. Jezi zote zilikuwa za rangi moja, rangi ya tofali.

"Meneja anakufukuza ukipita," mama mkwe akasema taratibu. "Mimi nakufukuza ukisimama. Sikumtoa binti yangu kwa mtu wa kusimama njiani. Lete hayo maji, kiu ya mwanangu nitaimaliza mimi mama yake. Wewe nenda, baba."

Aliniita baba. Misimu mitatu nimekuwa mkwe wake bila jina.

Akaanza kuzitoa chupa mwenyewe, kifuani, mgongoni, kama anayevuna. Moja, mbili, nne, saba. Ya nane ilikuwa imejikita katikati ya mgongo, mkono wake haukufika.

"Nenda na hiyo hiyo," akasema, akanisukuma na ncha ya mwavuli.

Sasa nikatambua kosa ambalo hata anayejifunza hafanyi. Nilisimama bila kushusha gia. Baiskeli ilikuwa kwenye gia nzito kuliko zote, ya kushukia mlima. Nikasimama juu ya pedali kwa uzito wangu wote, gurudumu likajizungusha kwa uvivu kama linalofikiria. Zunguko la kwanza. La pili. Mke wangu sauti ikamrudi, na nikaisikia juu ya sauti zote, "Kanyaga, mume wangu, kanyaga."

Nikakanyaga. Baiskeli ikaanza kusikia.

Nyuma yangu nikasikia mlio wa magurudumu mengi, halafu mlio wa magurudumu mawili yaliyojitenga na mengine. Sikuhitaji kugeuka. Mama alinyoosha chupa njiani, mwanawe akampita bila kumwona.

Utepe ulikuwa pale. Ningeweza kuutemea mate.

Gurudumu lake likafika usawa wa mguu wangu, likafika usawa wa usukani wangu. Nikageuza jicho. Shemeji yangu alikuwa mwekundu kama tofali lililoiva, midomo imepasuka, na macho yake hayakuwa kwenye mstari. Yalikuwa kwenye mgongo wangu, pale chupa ya nane ilipotuna.

"Shemeji," akasema, kwa sauti iliyokauka kabisa. "Maji."

Misimu mitatu nimeitikia neno hilo kabla halijamalizika kutamkwa. Na mkono wangu wa kulia, bila kuniuliza, ukaachia usukani.